Pearl S. Buck

Pearl Sydenstricker Buck (26 Juni 1892 – 6 Machi 1973) alikuwa mwandishi wa Marekani aliyekulia nchini China. Anajulikana hasa kwa riwaya yake The Good Earth ya mwaka 1931. Mwaka 1938 alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka Marekani kupewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Jina lake la Kichina lilikuwa Sai Zhenzhu.

Mbali na uandishi, alitumia karibu miaka 25 ya mwisho ya maisha yake kutetea watoto ambao taasisi za kuasili ziliwakataa kwa sababu ya rangi au nchi walikozaliwa. Mwaka 1949 alianzisha Welcome House, linalohesabiwa kuwa shirika la kwanza nchini Marekani la kuasili watoto wa kimataifa na wa rangi mchanganyiko. Mwaka 1964 aliunda wakfu wa kuwasaidia watoto wa namna hiyo wakiwa katika nchi zao wenyewe barani Asia.

Utoto nchini China

Pearl alizaliwa Hillsboro katika jimbo la West Virginia, Marekani, wakati wazazi wake walipokuwa likizo. Baba yake, Absalom Sydenstricker, na mama yake, Caroline, walikuwa wamisionari wa Kanisa la Presbiteri nchini China. Kati ya watoto wao saba, wanne walifariki wakiwa wadogo. Pearl alipelekwa China akiwa na umri wa miezi michache tu.

Familia iliishi kwa muda mrefu zaidi mjini Zhenjiang, kando ya mto Yangtze. Pearl alizungumza Kichina sawa na Kiingereza, alicheza na watoto wa majirani na alifundishwa na mwalimu wa Kichina aliyefuata mapokeo ya Konfusio. Waandishi wa habari za maisha yake wanasimulia kwamba alipokuwa akicheza nje ya nyumba yao aliwahi kukuta mifupa ya watoto wachanga wa kike waliotupwa na familia zao, akaizika kwa mikono yake.

Mwaka 1900, wakati wa Uasi wa Boxer, wageni wengi waliuawa, na mama yake alikimbilia Shanghai pamoja na watoto. Tangu wakati huo Pearl alijua kwamba mtu anaweza kuchukiwa kwa sababu ya sura yake, hata katika mji anaouita nyumbani.

Alisoma katika chuo cha wanawake cha Randolph-Macon huko Virginia, akahitimu mwaka 1914, kisha akarudi China kumuuguza mama yake.

Ndoa ya kwanza na watoto wawili

Mwaka 1917 aliolewa na John Lossing Buck, Mmarekani aliyekuwa mtaalamu wa uchumi wa kilimo. Waliishi kwanza katika eneo la wakulima maskini kaskazini mwa mkoa wa Anhui. Maisha ya wakulima hao yalikuja kuwa msingi wa riwaya zake. Baadaye walihamia Nanjing, ambako wote wawili walifundisha katika chuo kikuu.

Binti yao Carol alizaliwa mwaka 1920. Baada ya uzazi huo madaktari walimkuta Pearl na uvimbe katika mfuko wa uzazi, akafanyiwa upasuaji uliomwondolea uwezo wa kuzaa tena. Carol alionekana mwenye afya mwanzoni, lakini miaka ilipopita akili yake haikukua kama ya watoto wengine. Pearl alimpeleka kwa daktari mmoja baada ya mwingine, China na Marekani, bila kupata jibu. Ugonjwa huo ulikuwa fenilketonuria, ambao ni hali ya kurithi inayoufanya mwili ushindwe kuvunja kemikali moja iliyomo katika vyakula vya protini. Daktari wa Norwei, Asbjørn Følling, aliutambua mwaka 1934, wakati Carol alikuwa tayari na miaka 14. Siku hizi mtoto mchanga hupimwa damu, na akigundulika mapema hupewa chakula maalumu kinachomkinga na madhara hayo.

Wakiwa Marekani katikati ya miaka ya 1920, Pearl na mumewe walimwasili mtoto mchanga wa kike, Janice, kutoka kituo kidogo cha watoto katika jimbo la New York. Huyo alikuwa mtoto wake wa kwanza wa kuasili.

Machi 1927 wanajeshi waliingia Nanjing na kuwashambulia wageni. Familia ya Buck iliokolewa na mwanamke maskini wa Kichina aliyewaficha ndani ya kibanda chake. Walikimbilia Japani, wakarudi baadaye.

Mwaka 1929 Pearl alimwacha Carol katika shule ya watoto wenye ulemavu wa akili huko Vineland, New Jersey, akakopa fedha za kulipia matunzo yake. Haja ya kupata fedha kwa ajili ya Carol ilikuwa moja ya sababu zilizomfanya aandike kwa bidii. Carol aliishi Vineland hadi alipofariki mwaka 1992. Kwa miaka mingi Pearl hakusema hadharani kwamba ana mtoto wa aina hiyo. Alivunja ukimya huo mwaka 1950 kwa kitabu The Child Who Never Grew, wakati ambapo familia nyingi bado ziliona ulemavu wa akili kuwa aibu ya kufichwa.

Umaarufu

The Good Earth ni habari ya mkulima wa Kichina aitwaye Wang Lung, mkewe O-Lan, na ardhi yao. Kilikuwa kati ya vitabu vilivyouzwa zaidi nchini Marekani mwaka 1931 na 1932, kikapata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1932, kikatengenezewa filamu mwaka 1937.

Mwaka 1933 alijiuzulu utumishi wa kimisionari baada ya kuwakosoa hadharani wamisionari waliowadharau Wachina. Mwaka 1934 aliondoka China, ambako hakurudi tena. Mwaka uliofuata aliachana na Buck na kuolewa na Richard Walsh, mchapishaji wa vitabu vyake. Walikaa Green Hills Farm, shamba lililopo Perkasie, Pennsylvania. Huko waliasili watoto wengine wachanga wanne, wawili mwaka 1936 na wawili mwaka 1937.

Vikwazo vya kuasili

Katika miaka ya 1940 kuasili mtoto nchini Marekani kulitawaliwa na kanuni ya kulinganisha. Maofisa wa ustawi wa jamii walitafuta mtoto anayefanana na wazazi kwa rangi, dini, asili na hata sura, ili familia ionekane kama ya kuzaliwa. Mtoto ambaye hakuweza kulinganishwa na wazazi wowote aliandikwa kuwa hafai kuasiliwa. Watoto wa mchanganyiko wa rangi waliangukia kundi hilo, pamoja na walemavu na waliovuka umri wa uchanga. Kwa upande mwingine, wanandoa wasio na watoto walisubiri kwa miaka, au walikataliwa kwa sababu ya umri, dini au kipato chao.

Kwa watoto waliozaliwa nje ya nchi kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa sheria ya uhamiaji. Wachina walikuwa wamezuiwa kuhamia Marekani tangu mwaka 1882. Pearl na Walsh walikuwa miongoni mwa viongozi wa kampeni iliyofanikisha kufutwa kwa sheria hiyo mwaka 1943, lakini mgawo uliowekwa baada yake ulikuwa watu 105 tu kwa mwaka. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1952 iliipa Japani nafasi 185 na Korea nafasi 100 kwa mwaka. Mtu mwenye nusu ya asili ya Asia alihesabiwa katika mgawo wa Asia popote alipozaliwa. Kwa hiyo mtoto wa askari wa Marekani na mama Mkorea, ikiwa baba hakumtambua, alipaswa kupanga foleni hiyo hiyo ya nafasi 100.

Watoto wa namna hiyo waliongezeka kila mahali palipokuwa na kambi za jeshi la Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia na baada ya Vita vya Korea (1950–1953). Nchini Korea uraia na uandikishwaji wa mtoto vilifuata ukoo wa baba. Asiyekuwa na baba Mkorea alikosa nafasi katika daftari la familia, na bila daftari hilo alipata shida ya kusoma, kuajiriwa na kuoa. Mama yake naye alitengwa na jamii.

Welcome House

Karibu na Krismasi ya mwaka 1948 taasisi moja ya kuasili ilimwomba Pearl ushauri kuhusu mtoto wa kiume wa miezi 15. Mama yake alikuwa Mmarekani mweupe na baba yake Mhindi, na hakuna taasisi iliyokubali kumtafutia wazazi. Muda mfupi baadaye aliletewa habari za mtoto mwingine, ambaye baba yake alikuwa Mchina. Pearl aliwapokea wote wawili nyumbani kwake. Yeye alikuwa na miaka 56 na aliona kwamba wanahitaji wazazi vijana zaidi, hivyo akatafuta wanandoa wa jirani wa kuwalea.

Mwaka 1949 mpango huo ukawa shirika, Welcome House. Kati ya waliomsaidia walikuwa majirani zake maarufu katika wilaya ya Bucks: mwandishi James Michener, na mtunzi wa michezo ya muziki Oscar Hammerstein II pamoja na mkewe Dorothy. Mwanzoni lengo lilikuwa kuwalea watoto wachache katika nyumba moja hadi wakue, kwa kuwa iliaminika kwamba hakuna atakayewataka. Barua za wanandoa waliotaka kuwaasili zilionyesha kwamba imani hiyo haikuwa ya kweli. Welcome House ikageuka kuwa taasisi ya kuasili, kwanza kwa watoto waliozaliwa Marekani, kisha kwa waliotoka Asia.

Pearl mwenyewe aliendelea kuasili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alimpokea mtoto wa kike kutoka Ujerumani, na baadaye mwingine kutoka Japani. Wote wawili walikuwa na baba askari Mmarekani mweusi. Hivyo, pamoja na Carol, alikuwa mama wa watoto wanane, saba kati yao wa kuasili.

Safari ya makaratasi

Mzazi wa Marekani aliyetaka kumwasili mtoto kutoka Korea au Japani katika miaka ya 1950 alipitia ngazi nyingi. Kwanza ofisa wa ustawi wa jamii alichunguza nyumba, mapato na tabia za familia. Kisha ilihitajika hati ya nchi ya mtoto kuthibitisha kwamba ni yatima, ametelekezwa, au mama yake amekubali kumtoa. Baada ya hapo vilifuata vipimo vya afya, viza na nauli ya ndege. Hati moja ikichelewa, nyingine ziliweza kupitwa na wakati, na mtoto aliyeombwa akiwa mchanga alifika akiwa anatembea.

Ngazi ngumu kuliko zote ilikuwa viza. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 1953 ilitenga viza 4,000 kwa mayatima wa dunia nzima walio chini ya umri wa miaka 10, na wanandoa hawakuruhusiwa kuchukua zaidi ya watoto wawili, isipokuwa ndugu wasiotakiwa kutenganishwa. Mwaka 1955 mkulima Harry Holt na mkewe Bertha, wa Creswell katika jimbo la Oregon, walipotaka kuwaasili watoto wanane kutoka Korea, ilibidi Kongresi ya Marekani ipitishe sheria maalumu kwa ajili ya familia yao. Sheria ya 1953 ilifikia kikomo mwishoni mwa mwaka 1956. Septemba 1957 sheria mpya iliondoa kikomo cha idadi ya viza na kupandisha umri hadi chini ya miaka 14, lakini nayo ilikuwa ya muda. Utaratibu wa kudumu wa viza za mayatima uliwekwa mwaka 1961, na migawo ya uhamiaji kwa misingi ya taifa ilifutwa mwaka 1965. Kwa miaka kadhaa, basi, familia zilianza safari ya kuasili bila kujua kama sheria itakayohitajika mwishoni bado itakuwepo.

Pearl alitumia jina lake kuushambulia mfumo huu. Mwaka 1955 aliandika makala katika gazeti la Woman's Home Companion akizilaumu taasisi kwa kuwafanya watoto na wazazi wasubiri bila sababu. Aliona kwamba baadhi ya maofisa na vituo vya kidini walizoea kuwashikilia watoto kwa sababu kazi zao ziliwategemea. Mwaka 1958 aliandika katika gazeti la Ebony, lililosomwa hasa na Wamarekani weusi, juu ya wazazi weupe kuasili watoto wenye rangi. Hoja zake alizikusanya katika kitabu Children for Adoption cha mwaka 1964. Kwake yeye kipimo kikuu kilikuwa uwezo wa kumpenda mtoto. Rangi na dini vilikuja baadaye.

Wataalamu wa ustawi wa jamii walimjibu kwamba haraka nayo ina hatari zake. Katika miaka hiyo watoto wengi wa Korea waliasiliwa kwa uwakilishi, yaani wazazi walimaliza hatua za kisheria kupitia mtu mwingine bila kumwona mtoto. Baadhi ya familia zilizopokea watoto kwa njia hiyo hazikuchunguzwa vya kutosha, na watoto wengine waliishia kutendewa vibaya au kuachwa tena. Sheria ya 1961 ilibana utaratibu huo.

Kutoka kuasili hadi kusaidia nyumbani

Pearl alitembelea Korea kwa mara ya kwanza mwaka 1960. Aliona kwamba watoto wa askari wa Marekani walikuwa wengi kuliko wanaoweza kuasiliwa. Wengine walikuwa wamepita umri unaokubalika, na wengine walikuwa na mama ambao hawakutaka kuwatoa. Hitimisho lake lilikuwa kwamba kwa walio wengi viza haitakuja kamwe, na kwamba lazima wasaidiwe kuishi pale walipozaliwa.

Mwaka 1964 aliunda Pearl S. Buck Foundation, akatoa kwa wakfu huo sehemu kubwa ya mapato yake. Wafadhili wa Marekani walichangia kila mwezi karo, chakula na matibabu ya mtoto aliyebaki na mama yake. Mwaka 1967 kilifunguliwa kituo huko Sosa, katika mji wa Bucheon, Korea Kusini, ambapo vijana walisoma na kujifunza kazi za mikono. Wakfu ulieneza kazi yake Okinawa, Taiwan, Ufilipino, Thailand na Vietnam. Pearl ndiye aliyelifanya neno Amerasian, yaani mtoto wa Mmarekani na Mwasia, lifahamike kwa watu wengi.

Mwaka 1969 magazeti yalichapisha tuhuma dhidi ya mkurugenzi wa wakfu kuhusu fedha na mwenendo wake. Alijiuzulu, lakini Pearl aliendelea kumtetea, jambo lililowaudhi marafiki na jamaa zake wengi. Baadaye alihamia Danby katika jimbo la Vermont.

Miaka ya mwisho

Rais Richard Nixon alipozuru China mwaka 1972, Pearl aliomba ruhusa ya kuiona tena nchi aliyokulia. Serikali ya China ilimnyima viza kwa sababu ya alivyoiandika nchi hiyo katika vitabu vyake. Alifariki Danby tarehe 6 Machi 1973 kwa saratani ya mapafu, akiwa na umri wa miaka 80. Alizikwa Green Hills Farm. Jiwe la kaburi lake limeandikwa kwa herufi za Kichina peke yake.

Tathmini

Wanaomsifu wanasema alikuwa kati ya watu wa kwanza kuwaonyesha Wamarekani kwamba familia inaweza kuwa na watu wa rangi mbalimbali, miaka mingi kabla ya sheria za ubaguzi kufutwa.

Wanaomkosoa wanasema maandishi yake yaliwaonyesha Wamarekani kama waokoaji na kuwaacha akina mama wa Asia pembeni ya habari. Kuasili kulikoanza kwa watoto wa vita kulikua na kuwa biashara kubwa hata nchi za asili zilipotajirika. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 200,000 wa Korea Kusini walipelekwa ng'ambo tangu miaka ya 1950, wengi wao wakiwa na mama walio hai. Machi 2025 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Korea Kusini ilisema kwamba serikali ilishindwa kulinda haki za watoto hao, na kwamba kulikuwa na hati za kughushi zilizowaandika kama mayatima. Mkataba wa Den Haag wa mwaka 1993 juu ya kuasili kimataifa unataka mtoto atafutiwe kwanza familia katika nchi yake. Kwa sehemu hiyo ni fikra ile ile iliyomwongoza Pearl Buck mwaka 1964.

Urithi

Welcome House ilitafutia wazazi watoto zaidi ya 5,000. Iliungana na wakfu na kuwa shirika moja ambalo leo linaitwa Pearl S. Buck International. Huduma ya kuasili ilisitishwa mwaka 2014, na shirika limebaki na kazi ya kuwafadhili watoto katika nchi zao. Mwaka 1982, miaka tisa baada ya kifo chake, Marekani ilipitisha sheria ya kuwaruhusu watoto wa Wamarekani waliozaliwa Korea, Vietnam, Laos, Kamboja na Thailand kuhamia Marekani. Waliozaliwa Japani, Taiwan na Ufilipino hawakutajwa.

Green Hills Farm iliorodheshwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa mwaka 1980. Nyumba ya utoto wake mjini Zhenjiang imehifadhiwa kama makumbusho, na mahali palipokuwa na kituo cha Sosa pana jumba la kumbukumbu yake.